Insulini Mlangoni mwa Seli: DNA kama Rula, Kufuli na Tundu la Utando

Mgonjwa wa kisukari anapojidunga insulini kabla ya kifungua kinywa, huenda akadhani kwamba dawa hiyo inaingia ndani ya seli za misuli na za mafuta na kuiunguza sukari humo. Sivyo inavyofanya kazi. Molekuli ya insulini husafiri katika damu hadi kwenye uso wa seli, ikashika protini maalumu iliyochomoza kwenye utando. Protini hiyo, iitwayo kipokezi cha insulini, hubadilika umbo na kupeleka habari upande wa ndani. Muda si mrefu milango ya glukosi iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya seli huletwa juu na kupachikwa kwenye utando, na sukari huanza kuingia. Insulini yenyewe imebisha hodi tu.

Katika kliniki, hodi hiyo huhesabiwa kwa yuniti. Muuguzi humfundisha mgonjwa kuvuta yuniti kumi au ishirini kwenye bomba la sindano, na daktari akiona sukari haishuki huongeza. Hesabu hiyo ni sahihi, na hakuna anayepaswa kuiacha. Lakini ndani yake mna dhana ambayo kwa muda mrefu haikuhojiwa sana: kwamba kinachoamua mwitikio wa seli ni wingi wa molekuli zinazobisha, basi. Je, molekuli kadhaa zikibisha kwa pamoja, zikiwa zimepangwa kwa nafasi maalumu, huleta jibu lilelile ambalo zingelileta kama zingekuja moja moja? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa sindano wala kwa hadubini ya kawaida. Limeanza kujibiwa kwa kutumia kifaa ambacho wasomaji wengi hawatakitarajia, nacho ni DNA.

Utando si ukuta

Utando wa seli ni zaidi ya mfuko wa kuizuia seli isimwagike. Ni tabaka mbili za mafuta ambazo kwa pamoja unene wake ni nanomita 5 hivi, ilhali unywele mmoja wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwaka 1972 wanasayansi S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza katika jarida la Science kwamba protini za utando huelea ndani ya mafuta hayo, mfano wa mitumbwi juu ya maji. Maelezo hayo yangali msingi wa somo, ila yameongezewa jambo moja muhimu: mitumbwi hiyo haikutawanyika ovyo. Mingi imefungwa gati kwa makundi. Vipokezi vya insulini, kwa mfano, vimeonekana katika aina kadhaa za seli vikiwa vimekusanyika katika vikundi vidogo sana hata kabla insulini haijafika.

Ndani ya vikundi hivyo umbali kati ya jirani na jirani ni mdogo mno. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo kundi zima huonekana kama doa moja. Anayetaka kujua kama mpangilio wa molekuli una maana yoyote kwa seli anahitaji rula yenye alama za nanomita chache chache, tena rula inayoweza kuelea katika maji ya chumvi bila kuidhuru seli. Rula ya namna hiyo haiuzwi dukani, wala hakuna fundi awezaye kuichonga kwa mkono. Ilibidi itengenezwe kwa kitu kinachojipanga chenyewe.

DNA isiyo ya urithi

Hapa pana neno linalohitaji kusafishwa kwanza. Kwa watu wengi DNA ni kipimo cha kumtambua baba wa mtoto, au ni hati ya urithi iliyomo ndani ya kiini cha seli. Kwa mgonjwa wa kisukari ina maana nyingine pia, ingawa pengine haijui: insulini ya binadamu inayotengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni ya binadamu ilipata kibali nchini Marekani mwaka 1982, na tangu hapo imekuwa dawa ya mamilioni. Katika kazi hiyo DNA ni maagizo. Kijidudu huyasoma na kutengeneza insulini.

Mwaka huohuo wa 1982, Nadrian Seeman, mtaalamu wa fuwele aliyekuwa akifanya kazi Albany, Marekani, alichapisha wazo ambalo wachache walilitilia maanani. Alipendekeza kwamba DNA itumike kama mbao na si kama ramani ya nyumba. Maandishi yake yasisomwe na seli yoyote, bali yatumike kuamua kipande kipi kishikane na kipi. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Uzi mmoja wa DNA hushikana na mwenzake kwa kanuni isiyobadilika: A na T, G na C. Anayeandika mfuatano wa herufi hizo huwa ameamua tayari nyuzi zake zitakutana wapi. Tena vipimo vyake vinajulikana: uzi pacha wa DNA una upana wa nanomita 2, na kila jozi ya herufi huurefusha kwa nanomita 0.34.

Hatua iliyolifanya wazo hilo liwe kazi ya kila maabara ilikuja mwaka 2006, pale Paul Rothemund wa California Institute of Technology alipochapisha katika jarida la Nature njia aliyoiita origami ya DNA, kwa kuifananisha na sanaa ya Kijapani ya kukunja karatasi. Kwa msomaji wa Pwani, mfano ulio karibu zaidi ni mkeka. Mshonaji huanza na ukili mrefu uliokwisha kusukwa, akaulaza ukingo kwa ukingo, mstari baada ya mstari, na kuifunga mistari hiyo kwa uzi. Ukili wa Rothemund ulikuwa DNA ya kirusi kinachoshambulia bakteria, uzi mmoja wenye herufi 7,249. Nyuzi za kushonea zilikuwa vipande vifupi vya DNA zaidi ya 200, kila kimoja kikiwa kimeandikwa kishike sehemu mbili au zaidi za ukili zilizo mbalimbali na kuzivuta pamoja. Mchanganyiko hupashwa moto kisha huachwa upoe polepole, na ndani ya tone moja mikeka mabilioni hujishona yenyewe. Rothemund alitengeneza nyota, pembetatu na hata uso unaotabasamu, kila umbo likiwa na upana wa nanomita 100 hivi. Uso ule ulisambaa magazetini, na pengine uliwafanya baadhi ya madaktari waichukulie kazi nzima kuwa mchezo.

Haikuwa mchezo, kwa sababu kila mshono wa mkeka huo una anwani. Mtafiti akitaka kuweka ndoana mahali fulani, huchagua uzi mfupi unaoishia hapo na kuuambatisha na protini anayoitaka. Akitaka ndoana ya pili umbali wa nanomita 40 kutoka kwa ya kwanza, huchagua uzi mwingine. Rula ikapatikana.

Umbali una sauti

Miongoni mwa walioitumia mapema kupima vipokezi vya seli ni kundi la Björn Högberg na Ana Teixeira katika Karolinska Institutet, Sweden. Mwaka 2014 walichapisha utafiti kuhusu kipokezi kiitwacho EphA2 kilicho kwenye seli za saratani ya matiti. Walitengeneza fimbo za DNA zilizobeba protini mbili za kukiamsha kipokezi hicho. Katika fimbo moja protini hizo zilikaribiana, katika nyingine ziliachana zaidi. Seli zilizoletewa fimbo hizo hazikujibu kwa namna moja. Umbali kati ya protini ulibadilisha kiwango cha kuamka kwa kipokezi, na mpangilio wake ukaathiri uwezo wa seli za saratani kupenya na kuvamia.

Kisha wakageukia kingamwili. Kila mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwamba kingamwili ya aina ya IgG ina mikono miwili, lakini mikono hiyo hunyooka kiasi gani? Mwaka 2019 matokeo yalionyesha kwamba IgG hushika vizuri zaidi antijeni mbili zinapokuwa umbali wa nanomita 16 hivi. Zikisogea karibu mno au zikiachana mno, mshiko hulegea. Anayetengeneza chanjo ana haki ya kuuliza, baada ya hapo, kama antijeni zake zimekaa kwa nafasi inayofaa.

Swali hilo limefika hadi kwenye chanjo ya Virusi vya UKIMWI. Mwaka 2020 kundi la Mark Bathe na Darrell Irvine wa Massachusetts Institute of Technology lilipanga antijeni iitwayo eOD-GT8 juu ya maumbo ya DNA yenye ukubwa wa kirusi, likaangalia jinsi seli B zinavyoamka. Antijeni tano tu zilizotawanywa vizuri zilitosha kuziamsha kwa nguvu, na mwitikio uliongezeka kadiri nafasi ilivyopanuka hadi nanomita 25 au 30. Antijeni hiyohiyo imekwisha kujaribiwa kwa watu, wakiwemo washiriki wa Rwanda na Afrika Kusini, lakini katika majaribio hayo ilibebwa na chembe ya protini na si na origami ya DNA. Tofauti hiyo ni vema ielezwe waziwazi kwa yeyote atakayesikia habari hizi nusunusu.

Sasa insulini. Kundi lilelile la Sweden lilitengeneza fimbo za DNA zilizobeba insulini, baadhi molekuli moja tu, nyingine kadhaa kwa nafasi zilizopimwa, na matokeo yake yamo katika jarida la Nature Nanotechnology la mwaka 2024. Fimbo yenye insulini nyingi ilikaa kwenye vipokezi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa molekuli moja ilipoachia, jirani yake ilikuwa bado imeshika. Katika seli za mafuta, idadi ya insulini kwenye fimbo na nafasi kati yake vyote viwili vilibadilisha kiwango cha kuamka kwa kipokezi, hata pale jumla ya insulini iliyowekwa ilipokuwa sawa. Katika samaki wadogo wa maabara waliosababishiwa hali ya kisukari, fimbo zenye insulini nyingi zilishusha glukosi. Zenye insulini moja moja hazikuishusha.

Kwa mtaalamu wa kisukari, hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili. Kwa zaidi ya miaka mia moja, uboreshaji wa insulini umelenga hasa muda wake katika damu: ianze haraka, ikae saa nyingi, isipande ghafla. Utafiti huu unaonyesha kwamba kuna mkono mwingine wa usukani, nao ni mpangilio wa insulini inapokutana na utando.

Kupima mvuto

Seli haigusi tu; huvuta pia. Kulijua hilo ni rahisi, kulipima ni shida, kwa kuwa nguvu zenyewe ni za pikonyutoni chache, na uzito wa tone moja la maji ni mamia ya mamilioni ya pikonyutoni. Mwaka 2013 Xuefeng Wang na Taekjip Ha, Marekani, walionyesha njia ya kutumia uzi pacha wa DNA kama kamba inayokatika kwa mzigo uliokwisha kujulikana. Ujanja wake unafanana na zipu. Nyuzi mbili zikivutwa kutoka ncha moja hufunguka jozi baada ya jozi kwa nguvu ndogo, pikonyutoni 12 hivi. Zikivutwa kutoka ncha zinazokabiliana, jozi zote hupinga kwa pamoja, na inahitajika nguvu ya 56 hivi. Kwa kuhamisha mahali pa kufungia, mtafiti huchagua kamba itakatika lini. Kipokezi kikivuta na kamba ikakatika, nguvu yake imejulikana. Kwa vifaa vya aina hii vilivyojikunja kama pini ya nywele, kundi la Khalid Salaita katika Emory University liliripoti mwaka 2016 kwamba seli T huvuta kwa pikonyutoni 12 hadi 19 kupitia kipokezi chake inapokagua seli nyingine. Yaani askari wa kinga hutikisa mlango, hatosheki kuutazama.

Kwamba hali ya kimwili ya utando inaweza kuamua uhai wa mtu limeonekana Afrika Mashariki kwenyewe, ingawa kwa vifaa vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kwa kutumia damu ya watoto wa Kilifi, Kenya, ulionyesha kwamba chembe nyekundu zenye aina ya damu iitwayo Dantu zina utando uliokazwa zaidi, na kwamba vimelea vya malaria hushindwa kuupenya utando uliokazwa kupita kiasi fulani. Hakuna DNA iliyotumika kama rula pale. Lakini mhudumu wa afya anayejiuliza kwa nini watu hupoteza miaka wakipima mvuto wa utando ana jibu lake Kilifi.

Kutoboa na kufunga

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuongoza utando ufanye kitu, na hapo DNA hukutana na kikwazo cha kemia: yenyewe hupenda maji, ilhali kiini cha utando ni mafuta. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walitatua hilo mwaka 2012 kwa kukipachika chombo chao cha DNA molekuli 26 za kolesteroli, zikawa kama nanga zinazozama kwenye mafuta. Shina la chombo hicho likautoboa utando wa maabara na kuacha njia yenye upana wa nanomita 2, ambamo chaji za umeme zilipita na kupimwa. Baada ya hapo zikatengenezwa njia nyingine zenye mlango unaofunguka kwa ufunguo maalumu wa DNA.

Mwaka 2018 watafiti wa Cambridge na Illinois waliripoti kimeng'enya cha DNA kinachohamisha molekuli za mafuta kutoka tabaka moja la utando kwenda jingine kwa kasi ya milioni 10 kwa sekunde, kasi inayovipita kwa mbali vimeng'enya vya asili. Taarifa nyingi zilishangilia kasi hiyo. Daktari angepaswa kusita kidogo kabla ya kushangilia, maana baadhi ya mafuta hayo yanapohamia upande wa nje huwa ni ishara kwamba seli inakufa na inapaswa kuliwa. Chombo kama hicho kikiwa hakichagui seli ni sumu.

Ndiyo maana kufuli lina umuhimu kuliko tundu. Mwaka 2012 Shawn Douglas, Ido Bachelet na George Church wa Harvard walionyesha pipa la DNA lililofungwa kwa makufuli mawili, kila moja likisubiri protini maalumu kwenye uso wa seli. Zote mbili zisipokuwepo, pipa halifunguki na dawa haitoki. Kundi la Karolinska likaripoti mwaka 2024 chombo kinachoficha ndani yake vipande vya protini vilivyopangwa kwa umbo la pembe sita. Umbo hilo hukusanya vipokezi vya kifo vilivyo kwenye utando na kuiamuru seli ijiue. Katika pH ya kawaida ya mwili, 7.4, silaha hubaki imefichwa. Kwenye uasidi wa pH 6.5, kama ulivyo kandokando ya uvimbe wa saratani, hujitokeza. Panya waliopandikizwa saratani ya matiti ya binadamu walionyesha kupungua kwa ukuaji wa uvimbe hadi asilimia 70.

Mgonjwa akiuliza

Panya si mtu, na samaki ndiyo kabisa. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa vilivyoelezwa hapa ambacho ni dawa ya kuandikiwa mgonjwa. Damu ina vimeng'enya vinavyokata DNA. Origami nyingi huhitaji magnesiamu nyingi kuliko iliyomo mwilini ili zibaki na umbo. Ini na figo huziondoa. Na kinga ya mwili inaweza kuzitambua kama DNA ya adui. Kila kikwazo kina watu wanaokishughulikia. Kuzifunika kwa ngao ya kemikali, kwa mfano, kumeongeza uhai wake mbele ya vimeng'enya hivyo hadi mara 400 katika majaribio. Lakini maabara iliyofaulu kurefusha uhai wa chombo bado inadaiwa kueleza kitaondokaje mwilini.

Mgonjwa aliyesikia habari za insulini ya DNA na kumuuliza muuguzi itafika lini, ajibiwe bila kuzungushwa: haijafika, haijajaribiwa kwa binadamu, na anayeiuza leo anauza kitu kingine. Aliye na kisukari cha aina ya kwanza akiacha sindano zake kwa kuingoja, au kwa kuamini chupa yenye herufi hizo tatu kwenye lebo, asidi itajaa katika damu yake ndani ya siku chache, naye ataletwa hospitali akihema na kutapika, pengine hajitambui. Mhudumu pia anaweza kumweleza kwamba insulini aliyo nayo kwenye friji, au kwenye chungu chenye mchanga uliotiwa maji, ni zao la DNA kwa maana ile ya kwanza, nayo imekwisha kuthibitishwa.

Kuhusu ile ya pili, swali gumu zaidi halijaguswa katika samaki. Insulini inayong'ang'ania kipokezi kwa muda mrefu inafaa wakati sukari iko juu. Mgonjwa anapokuwa amelala, chakula cha jioni kilikuwa kidogo na sukari inashuka kuelekea 3, daktari atahitaji kujua ni nini kitakachoifanya fimbo hiyo iachie, na kwa muda gani. Kufuli la kufungua kwenye pH fulani limekwisha kuonyeshwa. La kufunga sukari inaposhuka ndilo linalotafutwa.